Mwalimu kwenye udongo wa Chamwino

Wiki ya tatu ya muhula, kikundi chetu cha programu huria kilikuwa na watu 112 kwenye grupu la WhatsApp, nembo mbili zinazogombaniwa, na katiba ya kurasa sita. Lengo lilikuwa moja na kila mtu alilipenda: kujenga programu ya bure ya kuhifadhi pasti pepa, inayofunguka hata ukiwa na bando la kuungaunga. Kodi iliyokuwa imeandikwa? Hata mstari mmoja hakuna. Siku moja, katikati ya ubishi wa rangi ya nembo, mwenzetu mmoja aliyekulia Chamwino akauliza kama tunajua Mwalimu Nyerere aliwahi kufanya nini kule kwao. Kimya. Nikaenda maktaba.

Kuzaliwa kwake Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, shule ya Mwisenge, Tabora, Makerere, Edinburgh: hayo mmekaririshwa tangu darasa la nne, nayapita. Mimi nimeshikwa na kipande kinachoanzia Pugu, alikokuwa anafundisha.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU. Waafrika wengi wa Tanganyika walishautaka uhuru kabla ya hapo, kwa hiyo TANU haikuwa na kazi ya kubuni lengo. Kazi yake ilikuwa kuliwekea mikono na miguu. Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York, na aliporudi ikabidi achague: chaki au siasa. Akaacha kazi, na mshahara ukaenda nao. Miaka iliyofuata ilikuwa ya barabara mbovu, kufungua matawi na kuuza kadi. Tawi lina mwenyekiti, katibu, daftari la michango. Ni mambo ya kuchosha kabisa, wala hayaimbwi sana. Lakini mtu wa kijijini akishalipia kadi, uhuru unakuwa umeshamgharimu kitu.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wiki kama sita tu baadaye, Januari 1962, Waziri Mkuu huyo akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akarudi kukijenga chama mikoani. Mwaka huohuo, Desemba, akarejea kama Rais. Hebu fikiria mwenyekiti wa klabu yoyote hapa chuoni anaachia cheo mwezi wa pili ili akakae na wanachama wa kawaida.

Na sisi wasomi tumo kwenye hadithi hii, ingawa si kwa sura nzuri. JKT lilianza 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikataka wahitimu wa vyuo wapite huko kwa lazima, tena wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Dar es Salaam wakaandamana kupinga. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nimeisoma habari hiyo mara tatu na bado sijui niwe upande gani. Wanafunzi walikuwa na hoja, maana lazima si kujitolea. Yeye naye alikuwa amewazidi kwa jambo moja: alianza kukata kwake.

Azimio la Arusha likaja Februari 1967. Septemba ukafuata waraka wake kuhusu ujamaa vijijini, na huu ndio ungemfaa kila anayeanzisha mradi wa kujitolea. Humo alisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe, na waende hatua kwa hatua. Kwanza wasogeleane makazi. Halafu walime pamoja kishamba kidogo, huku kila mmoja akibaki na lake. Wakishaona faida ndipo wapanue. Kwa lugha yetu: toa toleo dogo linalofanya kazi, watu walitumie, kisha ongeza.

Mwaka 1971 ilikuwa zamu ya Ugogo. Operesheni Dodoma ililenga kukusanya watu waliotawanyika kwenye matembe yao, katika nchi ambayo mvua huja ikitaka na wazee bado wanaitaja Mtunya, njaa kubwa ya baada ya vita vya kwanza. Rais alikuja Chamwino, mashariki ya mji, akakaa na wanakijiji na kufyatua matofali pamoja nao. Aliyewahi kufyatua anajua kazi ile haikubali maneno. Kuna wa kuchota maji, wa kukanyaga udongo, wa kushika kalibu, wa kupanga yakauke. Jioni yanahesabika. Kama mchota maji hakutokea, hakuna kamati itakayoyaziba mapengo yake.

Ningependa kuishia hapo, ila si kweli kwamba iliishia hapo. Kule Ruvuma, kuanzia Litowa, vijana walikuwa wameshaanza vijiji vyao kwa hiari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakijiamulia mambo wenyewe, na Mwalimu mwenyewe aliwapenda. Septemba 1969 chama kilikipiga marufuku chama chao cha maendeleo, yaani wale hasa waliokuwa wanalitenda lile lililoandikwa. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima. Mamilioni walihamishwa ndani ya miaka michache, sehemu nyingine nyumba zikibomolewa ili watu wasirudi. Ukame ukaongezea, na mwaka 1974 na 1975 nchi ikanunua chakula kingi nje. Naona alichoka kusubiri. Alikuwa na haki ya kuchoka, ila hatua zile za waraka wake zilirukwa, na aliyeziruka ni serikali yake.

Aling'atuka urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, wengi wetu hatujazaliwa.

Grupu letu sasa lina watu tisa. Wengine hawakufukuzwa, tuliwauliza tu nani atashika nini wiki hii, wakaondoka kimyakimya. Nembo hatuna. Dada mmoja wa mwaka wa pili ameshaskani mitihani ya somo moja, miaka mitano, nami nimepewa ukurasa wa kutafutia. Jana usiku ulifunguka kwenye simu ya rumu meti wangu. Picha za mwaka 2019 zimekaa kichwa chini.