Hadhrat Ummu Aiman (r.a.), Mama wa Pili wa Mtume (s.a.w.)

Ndugu msomaji, Abdullah bin Abdul Muttalib alipofariki angali kijana, kabla hajapata kumwona mwanawe, urithi aliouacha ulihesabiwa hivi: ngamia watano, kundi dogo la kondoo, na kijakazi mmoja wa Kihabeshi aitwaye Baraka. Hapo ndipo vitabu vya sira vinapomtaja kwa mara ya kwanza, katika hesabu moja na wanyama. Nakuomba uikumbuke hesabu hiyo kila usomapo habari hizi, kwani binti huyo aliyerithiwa pamoja na ngamia ndiye ambaye Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuja kumwita mama yake baada ya mama yake.

Wengi wakisikia habari za malezi ya Mtume humkumbuka Bibi Halima wa Banu Saad. Ni kweli, Halima alimnyonyesha, kisha akamrudisha kwa wenyewe. Baraka hakumnyonyesha. Kazi yake ilikuwa ile isiyo na siku ya kwisha: kumwosha mtoto, kumlisha, kumlaza na kumwamsha. Yapata mwaka 576 Bibi Amina alimchukua mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka sita, akaenda naye Yathrib kuwazuru jamaa zao wa Banu Najjar. Walikwenda kwa ngamia wawili, na Baraka alikuwa pamoja nao. Katika kurudi, walipofika mahali paitwapo Abwa, Bibi Amina aliugua, akafa, akazikwa papo hapo.

Tafakari hali hiyo, msomaji. Kaburi bichi jangwani, mtoto asiye na baba wala mama, na msichana mtumwa ambaye mwenyewe hakuwa na ndugu hata mmoja katika nchi ile. Alimchukua mtoto akamfikisha Makka, akamtia mikononi mwa babu yake. Baada ya miaka miwili babu naye akafariki. Baraka ndiye aliyesimulia baadaye kwamba alimwona mtoto yule akilia nyuma ya jeneza la Abdul Muttalib. Laiti yeye asingalikuwapo, nani angalikumbuka machozi ya yatima wa miaka minane?

Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bibi Khadija (r.a.), yapata mwaka 595, alimpa Baraka uhuru wake. Akaolewa na mtu wa kabila la Khazraj, akamzaa Aiman, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Ummu Aiman. Mume huyo alifariki. Wito wa Uislamu ulipokuja, Ummu Aiman alikuwa miongoni mwa waliouitikia mwanzo kabisa. Imepokewa kwamba Mtume aliwaambia masahaba kuwa apendaye kuoa mwanamke wa Peponi na amwoe Ummu Aiman. Aliyejitokeza ni Zaid bin Haritha (r.a.), ijapokuwa bibi huyo alikuwa amemzidi sana kwa umri. Zaid naye alikuwa ameuzwa utotoni katika soko la Ukadh. Basi watu wawili waliowahi kuwa bidhaa wakajenga nyumba, na mtoto wao Usama akawa kipenzi cha Mtume.

Lakini usidhani kwamba dunia iliiacha nyumba hiyo salama. Zaid alikuwa mweupe, na Usama alikuwa mweusi kama mama yake. Watu wenye ndimi mbaya wakanong'ona juu ya nasaba ya mtoto. Siku moja Mujazziz, mtu wa ukoo wa Mudlij uliosifika kwa kutambua nasaba kwa viungo vya mwili, aliwakuta baba na mwana wamelala, wamejifunika nguo, miguu yao tu ikionekana. Asijue ni za nani, akasema kuwa nyayo hizo zimetokana zenyewe kwa zenyewe. Mtume (s.a.w.) aliingia kwa Bibi Aisha (r.a.) uso wake ukimeremeta kwa furaha. Kwa maoni yangu, furaha hiyo yatuonyesha jinsi minong'ono ile ilivyouchoma moyo wake. Sisi wa pwani hii, tulioyajua maneno mtumwa na mwungwana kwa vizazi vingi, hatuhitaji kufasiriwa jambo hilo.

Hijra ilipofika alikwenda Madina, naye alikuwa mtu mzima sana. Yasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu, amefunga, bila ya maji, na Mwenyezi Mungu akamnywesha njiani. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, hakukaa nyumbani. Alikuwa akiwanywesha wenye kiu na kuwauguza majeruhi, na baadhi ya wanahistoria wameandika kwamba walipokimbia baadhi ya watu, aliwarushia mchanga usoni, akawaambia wachukue pia ya kusokotea nyuzi, wampe yeye upanga. Huko Khaibar, mwaka 628, alikuwako tena.

Nyumbani kwake alikuwa kama walivyo bibi zetu wengi: mwingi wa huruma na mwepesi wa kunung'unika. Mtume alikuwa na desturi ya kumzuru. Siku moja alimletea kinywaji, naye Mtume hakukinywa; Ummu Aiman akamgombeza kwa sauti, na Mtume akavumilia. Ulimi wake ulikuwa mzito. Alipotaka kutoa salamu alichanganya maneno, ikawa kana kwamba aikanusha amani badala ya kuitoa. Mtume akamruhusu aseme salamu tu, basi. Wewe uliyeingia dini ukubwani, ambaye ulimi wako bado wagongana na herufi za Kiarabu, nadhani utaipenda habari hii. Safari nyingine aliomba mnyama wa kupanda. Mtume akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Akalalamika kwamba mtoto wa ngamia hatamweza, na Mtume akashikilia neno lake, kwa kuwa hakuna ngamia asiyekuwa mtoto wa ngamia.

Na iko habari ya mitende. Ansari walikuwa wamewapa Wahajiri mitende wale matunda yake, na Mtume alimpa Ummu Aiman mitende aliyopewa na mama yake Anas. Baada ya Khaibar, Wahajiri walipopata riziki, waliwarudishia Ansari mitende yao. Ummu Aiman akakataa katakata. Akamtia Anas nguo shingoni, akaapa kwamba hatarudisha kitu. Mtume hakumkaripia. Alimwahidi kiasi hiki badala yake, naye akakataa, akamwongezea, akakataa, mpaka alipofikia mara kumi, au karibu na hivyo, ndipo aliporidhika. Mtawala wa Madina alikuwa akipatana bei na mlezi wake, tena akishindwa kwa hiari.

Kisha zikaja huzuni mfululizo. Mwaka 629 mumewe Zaid aliuawa Muta akiwa amiri wa jeshi. Mwaka 630 mwanawe Aiman aliuawa Hunain, akiwa miongoni mwa wachache waliosimama imara. Mwaka 632 Usama, kijana wa miaka ishirini hivi, alipewa uamiri wa jeshi lililokuwa na wazee wa Kikureshi ndani yake, na wako waliochukizwa. Jeshi lilikuwa bado kambini nje ya Madina, na imepokewa kwamba ni Ummu Aiman aliyempelekea mwanawe mjumbe wa kumjulisha kuwa Mtume yu katika kukata roho.

Baada ya maziko, Hadhrat Abu Bakr (r.a.) alimwambia Hadhrat Umar (r.a.) waende kumzuru bibi huyo kama Mtume alivyokuwa akimzuru. Walipofika, alilia. Wakamkumbusha kuwa yaliyoko kwa Mwenyezi Mungu ni bora zaidi kwa Mtume Wake. Akajibu kwamba hilo alijua. Alichokuwa akikililia ni kukatika kwa wahyi kutoka mbinguni. Basi wale wazee wawili nao wakakaa wakalia pamoja naye.

Waandishi wa sira wanatofautiana juu ya mwaka wa kufa kwake, na wengi wao wanasema aliishi mpaka mwanzo wa ukhalifa wa Hadhrat Uthman (r.a.), yaani baada ya mwaka 644. Kabla ya hapo Hadhrat Umar alikuwa amempangia Usama posho ya 3,500, na mwanawe mwenyewe Abdullah 3,000. Abdullah alipouliza sababu, baba yake alimjibu kwamba Usama alikuwa mpendwa zaidi wa Mtume kuliko yeye, na Zaid kuliko baba yake.

Miaka ikapita. Siku moja Abdullah huyo huyo alimwona mtu akisali msikitini Madina bila ya kutimiza rukuu wala sijida, akamwamuru airudie sala yake. Mtu yule alipogeuka kwenda zake, Abdullah aliuliza ni nani. Akaambiwa ni Hajjaj, mwana wa Aiman, mjukuu wa Ummu Aiman. Abdullah akasema kwamba lau Mtume angalimwona huyu angalimpenda. Kisha akaanza kueleza jinsi Mtume alivyompenda Usama, na wote waliozaliwa na Ummu Aiman.