JBL: Herufi Tatu za Fundi Mmoja

Herufi JBL tunaziona kila mahali: kwenye masabufa ya ukumbini, kwenye spika ndogo za mkononi, mpaka kwenye stika za daladala. Ukiuliza maana yake, wengi watakwambia ni kampuni tu. Kumbe ni jina la mtu, na mtu mwenyewe hakuishi kuiona kampuni yake ikitajirika. Mimi nimemfuatilia kwa sababu natengeneza spika za zamani hapa bwenini, na kila ninapofungua spika nzuri nakutana na mawazo yake.

James Bullough Lansing alizaliwa Januari 14, 1902, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Wakati huo aliitwa James Martini. Baba yake alifanya kazi ya uhandisi kwenye migodi ya makaa ya mawe, na nyumba yao ilijaa watoto. Husimuliwa kwamba akiwa bado mtoto alijiundia mtambo wa kurushia redio. Ujanani akawa fundi wa magari. Mama yake alipofariki mwaka 1924 alifunga mizigo akaenda Salt Lake City, akapata kazi kwenye kituo cha redio, na huko ndiko alikokutana na Ken Decker.

Decker ndiye mtu wa kumkumbuka katika habari hii. Mwaka 1927 wawili hao walihamia Los Angeles wakafungua Lansing Manufacturing Company, wakitengeneza spika za kuweka ndani ya redio za makabati. Ni wakati huo fundi wetu alipochukua jina la Lansing. Kazi waligawana vizuri: Lansing alikaa karakanani, Decker akakaa na vitabu vya hesabu. Mmoja alijua kutengeneza, mwingine alijua kuuza na kudai.

Mwaka huohuo sinema zilianza kusema, lakini sauti za kumbini zilikuwa mbovu. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya filamu ya MGM iliamua kuunda mtambo wake. Kazi iliongozwa na Douglas Shearer, akiwa na mhandisi John Hilliard, na spika zenyewe zikatengenezwa kwa Lansing. Mtambo ule, Shearer Horn, ulipata tuzo ya kiufundi ya akademi ya filamu ya Marekani. Yule kijana wa gereji sasa alikuwa anasikika Hollywood nzima.

Halafu mwaka 1939 Decker akafa kwenye ajali ya ndege. Karakana ikabaki na fundi bingwa asiye na mtu wa hesabu, na haikuchukua muda mambo kwenda mrama. Desemba 1941 kampuni ya Altec iliinunua kwa dola 50,000, ikajiita Altec Lansing, na Lansing akawekwa kuongoza uhandisi. Alifanya kazi kubwa pale, lakini mwaka 1946, mkataba wake ulipokwisha, aliondoka akaanza upya kwa jina lake mwenyewe.

Kilichotoka katika karakana hiyo mpya ni spika iitwayo D130, na hapa naomba nikae kidogo. Upana wake ni inchi 15. Koili yake ina kipenyo cha inchi 4, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule, na waya wake ni bapa, umezungushwa kwa kusimamishwa ubavu. Waya bapa hujaza vizuri ule mwanya mwembamba wa sumaku kuliko waya wa mviringo, kwa hiyo nguvu haipotei bure. Koili hiyo inasukuma koni ya karatasi nyepesi. Matokeo yake, amplifaya ndogo tu inatosha kutikisa ukumbi.

Wepesi huo ndio unaosahaulika tunapotengeneza. Koni ikichanika au kulegea kwa unyevu, na ile dawa ya kiwandani haipatikani dukani, kila mtu anajichanganyia ya kwake. Wapo wanaomimina gundi ya mbao koni nzima mpaka inang'aa kama sahani. Spika hiyo itaimba, lakini umeibebesha mzigo: sauti inapungua na amplifaya inahangaika. Mimi mpasuko naufunika kwa kipande cha tishu na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mkono mwepesi, basi. Ukingoni pale koni inapojikunja situmii gundi ya mbao, maana ikikauka inakakamaa na besi inakufa. Pale napaka solushen ya pancha iliyozimuliwa, tena kidogo sana, kwa sababu hubaki laini kama mpira. Siyo kwamba kupaka koni ni kosa. Miaka ya baadaye JBL wenyewe walipaka baadhi ya koni zao mchanganyiko uitwao Aquaplas, ila walikuwa wamepiga hesabu ya uzito wake tangu mwanzo.

Hesabu za karakana Lansing alizimudu. Za madeni zilimshinda. Spika zake zilisifiwa, lakini hela zilikuwa zinatoka kuliko zinavyoingia. Septemba 1949, akiwa na miaka 47, alijitoa uhai. Aliacha bima ya maisha ya dola 10,000, na fedha hiyo ikaisaidia kampuni kusimama. Aliyeisimamisha ni William Thomas, mtu wa fedha, ambaye tayari alikuwa ndani ya kampuni hiyohiyo. Chini yake zile herufi tatu zikawa jina la biashara, na D130 ikaendelea kuuzwa kwa miaka mingi.

Hapo kwa Thomas ndipo ninaposimama kila mara. Mtu aliyeweza kulibeba lile deni hakuwa mbali, alikuwa ofisi moja naye. Wanachuo wenzangu, hapa kampasi kuna mafundi wa simu, wasusi, wapiga picha, wachora fulana, na wengi tunaendesha shughuli kwa mikopo ya kwenye simu huku tukijifanya mambo ni shwari. Kama una mkono mzuri, tafuta Decker wako mapema, hata akiwa ni mtu wa chumba cha pili anayesoma uhasibu. Na kama deni limeanza kukunyima usingizi, usilale nalo peke yako: mwambie rafiki, ndugu, au nenda ofisi ya ushauri ya wanafunzi. Deni la fundi linalipika akiwa hai, hata kidogokidogo.