Kaisari Aliyemwachia Kristo Upande wa Mbele



Vijana wenzangu, mnaikumbuka Injili ya sarafu ya kodi, pale Yesu anapouliza sura ile ni ya nani? Leo tumwangalie kaisari mmoja aliyelijibu swali hilo kwa dhahabu, halafu maisha yake yakajibu vingine.

Ni Justinian II. Msimchanganye na Justinian I, mjenzi wa Hagia Sofia, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 100. Huyu wetu alirithi kiti cha Konstantinopoli mwaka 685, akiwa na miaka kama 16 hivi. Yaani rika la kidato cha tatu au cha nne!

Dola ya Bizanti ilitumia sarafu ya dhahabu iitwayo solido, yenye uzito wa karibu gramu 4.5. Upande wa mbele ulikuwa wa kaisari. Mnamo mwaka 692 hivi, Justinian akaweka hapo uso wa Kristo: nywele ndefu, ndevu, mkono ukibariki, Injili mkononi. Maandishi yakamtaja kuwa Mfalme wa wanaotawala. Kaisari mwenyewe akahamia nyuma, amesimama na msalaba, na jina lake likafuatwa na cheo cha mtumishi wa Kristo. Inapendeza, sivyo?

Lakini nyumba njema si mlango. Papa Sergius I alipokataa kutia sahihi kanuni za mtaguso ulioitishwa na kaisari huyo, mtumishi wa Kristo alimtuma ofisa wake Zacharias akamkamate Papa huko Roma. Askari wa Italia wakasimama na Papa, na Zacharias kwa woga akajificha chini ya kitanda cha Papa huyohuyo! Nyumbani nako watu walichoshwa na kodi na ukali. Mwaka 695 Leontius akampindua. Wakamkata pua ili asifae tena kutawala, wakampeleka uhamishoni Cherson, kwenye Bahari Nyeusi.

Hakukubali. Alikimbilia kwa Wakhazari, akaoa dada wa mtawala wao. Mwaka 705 alirudi na jeshi la Wabulgari, akapenya mjini kupitia mfereji wa maji. Hapo kisasi kikaanza. Leontius, na Tiberius III aliyekuwa amechukua kiti baada yake, waliaibishwa hadharani kisha wakauawa. Patriaki Callinicus akapofushwa macho.

Kristo naye akarudi kwenye dhahabu, ila kwa sura nyingine: nywele za kusokota na ndevu fupi. Sarafu hizo hazina mwaka, kwa hiyo wataalamu na wakusanyaji huzitambua kwa sura. Nywele ndefu ni utawala wa kwanza, nywele za kusokota ni wa pili. Sasa soma na upande wa nyuma. Kile cheo cha mtumishi wa Kristo hakipo tena. Mahali pake kuna maneno ya kumtakia kaisari miaka mingi.

Hakuipata. Mwaka 711 Papa Constantine alifika Nicomedia kuonana naye. Inasimuliwa kwamba kaisari alijiinamisha miguuni pake, akapokea Komunyo, akaomba aombewe kwa dhambi zake. Kabla mwaka haujaisha, waasi walimkata kichwa. Mwanae Tiberius, mtoto wa miaka kama sita, akauawa pia.

Jamani, sisi nasi tunamweka Kristo mbele: rozari shingoni, Moyo Mtakatifu kwenye picha ya wasifu, msalaba nyuma ya simu. Ni vizuri, tusiache. Lakini Justinian hakumwondoa Kristo mbele hata aliporudi na kisasi. Kilichofutika ni utumishi, tena upande ambao watu hawautazami kwanza. Ndivyo inavyokuwa hata kwetu. Mtu anaendelea kwenda Misa, anaendelea kuimba kwaya, huku moyoni ana orodha ya watu wa kulipiza.

Kama Mungu alimpokea yule kaisari katika toba yake, hilo ni la Mungu. Sisi tusisubiri mwaka wa mwisho, maana hatuujui. Leo usiku, kabla ya kulala, mtaje mbele ya Yesu mtu mmoja aliyekuumiza, umsalie Baba Yetu moja. Jumamosi, nenda kitubio.

Tuombeane.