Aliyeokotwa Jaani

Wanachama wenzangu, leo nawaletea maisha ya Dick Lane, Mmarekani mweusi aliyepewa jina la Night Train, yaani gari moshi la usiku. Alizaliwa mwaka wa 1928 na akatupwa jaani mjini Austin, Texas, angali mchanga. Mama mjane, Ella Lane, alisikia sauti akadhani ni paka. Kumbe ni mtoto! Akamwokota, akamlea pamoja na wanawe.

Alipotoka jeshini, Lane alifanya kazi katika kiwanda cha ndege mjini Los Angeles, akibeba mabati yenye mafuta. Kazi ikamchosha. Mwaka wa 1952 akaingia ofisini mwa timu ya Rams, akaomba kujaribiwa.

Kandanda yao si kama hii yetu. Mpira una umbo la yai na hurushwa kwa mkono. Mlinzi hujitahidi kuudaka kabla haujamfikia adui. Basi Lane, katika msimu wake wa kwanza wa mechi 12, aliudaka mara 14! Mpaka leo hakuna aliyeifikia rekodi hiyo. Alistaafu mwaka wa 1965 akiwa ameudaka mara 68, na akafariki mwaka wa 2002.

Mimi pia sikulelewa na mama mzazi. Nimelelewa na nyanya, na zamani niliona haya kusema hivyo. Sasa sioni. Mungu hamtupi mja wake, lakini lazima awepo mtu wa kuinama amwokote.