Paisley wa chumba cha matibabu

Hapa Mombasa, kumpata shabiki wa Liverpool huhitaji kutafuta. Muulize marehemu Bob Paisley alikuwa nani, atakuhesabia vikombe: ligi mara 6, Kombe la Ulaya mara 3, mwaka 1977, 1978 na 1981. Ni kweli. Lakini Paisley ninayemtaka leo ni yule wa kabla ya vikombe, na nina sababu yangu.

Alizaliwa 1919 Hetton-le-Hole, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe kaskazini mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mchimba migodi. Mwenyewe alijifunza uashi. Alijiunga na Liverpool mwaka 1939, vita vikazuka, akapelekwa na jeshi hadi Afrika Kaskazini. Aliporudi alitwaa ubingwa wa ligi wa 1947. Mwaka 1950 alifunga bao dhidi ya Everton kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, kisha siku ya fainali akaachwa nje. Nadhani mtu aliyewahi kuachwa hivyo humwelewa vizuri mchezaji aliyekaa peke yake akiuguza mguu.

Alistaafu kucheza 1954, akabaki klabuni kufundisha timu ya akiba na kutibu majeruhi. Daktari hakuwa. Alisoma tiba ya viungo kwa njia ya posta, na akaomba kuingia hospitali za mji kuwatazama wataalamu wakifanya kazi. Elimu yake nyingine ilikuwa macho. Waliocheza chini yake wamesimulia kuwa alimtazama mtu akitembea tu, akajua anaumwa wapi, wakati mwingine kabla mwenyewe hajalalamika.

Si uchawi. Msuli ulioumia mwili huulinda: hatua hufupika, mguu mmoja hukaa chini muda mfupi kuliko mwenzake, mtu hugeuka kwa upande mmoja tu. Msuli ukikaza kwa uchovu, ukiunyoosha taratibu huachia. Uliochanika hauachii. Maumivu huja ghafla mchezaji akiwa mbioni, mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole, na baada ya siku moja au mbili ngozi huenda ikapiga weusi kwa damu iliyovuja ndani. Huo wahitaji barafu, kitambaa cha kubana, mguu kuinuliwa na mtu kupumzika. Kuukanda kwa nguvu siku ya kwanza ni kuzidisha kuvuja damu.

Hilo mimi nililijua kwa kuumia. Nikiwa na miaka 19, katika uwanja wa mtaani kwetu Kisauni, nilisikia kama nimepigwa jiwe nyuma ya paja. Hakuna aliyenirushia kitu. Usiku ule mzee mmoja, Mungu amlipe kwa nia yake, alinikanda kwa mafuta ya moto mpaka nikalia. Kufikia Ijumaa paja lilikuwa jeusi kama mkaa, na msimu ukanipita. Jumapili iliyopita nimeona kijana akikandwa vivyo hivyo pembeni mwa uwanja, halafu akarudishwa mchezoni.

Bosi wa Paisley tangu Desemba 1959 alikuwa Bill Shankly, na Shankly hakupenda kabisa kumwona majeruhi; inasemekana alimpita bila salamu. Basi mzigo wote ulikuwa wa Paisley. Msimu wa 1965-66 Liverpool ilitwaa ligi ikitumia wachezaji 14 pekee.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Fainali ya Kombe la FA ya 1965 dhidi ya Leeds, beki Gerry Byrne alivunjika mfupa wa mtulinga dakika za mwanzo. Paisley alitambua pale pale. Wakati huo hapakuwa na mchezaji wa akiba, na Byrne akacheza dakika zote 120, tena akatoa pasi ya bao la kwanza. Liverpool ikashinda 2-1. Watu husimulia kisa hiki kwa fahari. Mimi kila nikikisoma namfikiria mkewe Byrne akitazama.

Shankly alipoondoka 1974, Paisley alipewa timu naye hakuwa akiitamani. Aliiongoza hadi 1983. Miaka yake ya mwisho alishikwa na maradhi ya kusahau, akafariki Februari 14, 1996, akiwa na umri wa miaka 77.