Audrey Hepburn: mutoto wa vita aliyefika Kisangani kucheza filme

Mwaka wa 1958, wakati muji wa Kisangani ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville, watu wa sinema walifika hapo na kamera zao juu ya kutengeneza filme ya sista mumoja Mubelgiji, muuguzi wa wagonjwa. Mwenye alicheza nafasi ya ule sista ni Audrey Hepburn. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inamujua. Lakini mbele ya kujua sinema, alijua kwanza vita na njaa.

Audrey alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 5, 1929, kule Brussels. Mama yake alikuwa Muholanzi wa ukoo mukubwa, na kupitia baba yake alikuwa raia wa Uingereza. Baba aliacha nyumba Audrey akiwa na miaka 6 tu. Vita ilipoanza mwaka wa 1939, mama alimutosha Uingereza akamupeleka Arnhem, Uholanzi, akifikiri kule kutakuwa salama. Mwaka uliofuata Wajermani waliingia.

Mwaka wa 1942 walimupiga risasi mume wa mama yake mukubwa. Audrey, mwenye alikuwa anajifunza dansi ya baleti, alicheza kwa siri ndani ya manyumba ili kuchanga franga za kusaidia wapinzani wa Wajermani. Kisha kukaja njaa kali ya mwaka wa 1944 na 1945. Watu walikula hata vichwa vya maua ya tulipu, vile vinavyofanana na kitunguu. Audrey alikonda, damu ikapunguka, miguu ikavimba. Vita ilipoisha, chakula na dawa za msaada ndizo zilimuinua.

Mwaka wa 1948 alienda London kuendelea na baleti, lakini walimuambia kwamba hatafika juu kabisa: alikuwa murefu, na njaa ilikuwa imezaifisha mwili. Basi akageukia teatre na nafasi ndogo-ndogo za filme. Colette, mwandishi mukubwa wa Ufaransa, alimuona na akamuchagua kucheza Gigi huko New York mwaka wa 1951. Filme Roman Holiday ya 1953 ilimupatia Oscar.

Ile filme ya Kisangani, The Nun's Story, kwa Kifaransa Au risque de se perdre, ilitoka mwaka wa 1959. Ndani yake, sista anarudi Ubelgiji, Wajermani wanamuua baba yake, na anaacha utawa. Audrey hakuhitaji mutu wa kumufundisha uchungu ule. Waingereza walimupa zawadi yao ya muchezaji bora mwanamuke.

Kisha kukaja Breakfast at Tiffany's mwaka wa 1961 na My Fair Lady mwaka wa 1964. Kutoka 1967 alipunguza kazi juu ya kulea watoto wake wawili, wavulana.

Mwaka wa 1988 alianza kutembea kwa ajili ya UNICEF: Ethiopia kwanza, kisha Sudan na inchi zingine. Mwezi wa 9, 1992, alifika Somalia, mahali watoto walikuwa wanakufa na njaa katikati ya vita. Aliporudi, waganga walimukuta na kansere ya tumbo. Alikufa Uswisi tarehe 20 mwezi wa 1, 1993, akiwa na miaka 63, miezi ine tu kisha safari ile.