Rembe, Mwaguzi wa Maji ya Yakan

Askari anayesafiri kutoka Arua kwenda Koboko hupita katika nchi ambayo zamani ilimwogopa na kumtumaini mtu mmoja, jina lake Rembe. Alikuwa Mkakwa, wa kabila ambalo leo limegawanywa na mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Kongo.

Katika miaka ya 1890 Walugbara walipatwa na mambo mazito. Sotoka ilifyeka ng'ombe, homa ya uti wa mgongo ikaua watu, na wageni wenye bunduki wakaingia makundi kwa makundi. Waaguzi wa kienyeji walizoea kutafuta chanzo cha maradhi ndani ya ukoo: ni nani aliyewakasirisha wafu, ni nani mchawi. Balaa hizi hazikuwa za ukoo wowote. Ndipo wazee wakafunga safari kwa Rembe kutafuta maji yake.

Waingereza walipokwisha kufungua boma la Arua mwaka 1914, na kodi ikaanza kudaiwa, Rembe alikuja mwenyewe kukaa kwa Walugbara. Ilisimuliwa kwamba uaguzi wake ulitoka kwa nyoka mwenye kichwa cha binadamu, akaaye dimbwini. Maji yalitiwa mmea uitwao kamiojo, ulioaminika kuwa na nguvu ya kulevya. Mnywaji aliahidiwa kwamba risasi zitageuka maji, kwamba wafu na ng'ombe waliokufa watarudi, na kwamba hatalipa kodi tena. Nasi twastaajabia zaidi jambo jingine: wafuasi walijipanga safu kama askari, wameshika matete mahali pa bunduki, wakingoja bunduki za kweli. Walioonewa na majeshi walitamani kuwa jeshi! Hatuwezi kumwita Rembe tapeli tu na kuliacha neno hapo.

Ahadi ya namna hiyo ilikwisha kutolewa na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, naye akanyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Rembe pia alikamatwa, akapelekwa Yei, upande wa Sudan, akanyongwa mwaka 1917.

Watawala walidhani wamemaliza kazi. Lakini maji yaliendelea kunyweka bila yeye, na mwaka 1919 wanywaji wa Yakan wakapambana na polisi. Risasi hazikugeuka maji. Watu walikufa, na machifu kadhaa wakahamishwa mbali na kwao.